Uwezo wa Polisi wa Kukamata na Mlango wa Nyumba: Mafunzo kutokana na Mashauri ya Texas

Utangulizi

Katika masomo ya maadili ya Kikristo, suala la mapenzi ya jinsia moja huletwa mara nyingi kana kwamba ndani yake mna swali moja tu, yaani kama jambo hilo ni dhambi au si dhambi. Jibu likiisha kutolewa, mjadala hufungwa. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kando ya swali hilo liko jingine, nalo ni tofauti, na mchungaji atakutana nalo hata kama lile la kwanza ameliamua siku nyingi. Nalo ni hili: dola iruhusiwe kufika wapi katika kumkamata mtu, kumpekua mwili wake na kuingia nyumbani mwake?

Tumechagua mfano wa Marekani, na hasa jimbo la Texas, kwa sababu mbili. Kwanza, mashauri yake yalifika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, na habari zake zimeandikwa kwa ukamilifu. Pili, huko yalikutana mambo mawili ambayo hakuna aliyedhani kuwa ni ndugu: mkanda wa usalama wa gari na chumba cha kulala. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa hatuyajadili hapa, maana msomaji anayajua. Tunalouliza ni juu ya askari mlangoni.

1. Kukamatwa kama adhabu kabla ya hukumu

Kwa nadharia ya sheria, kukamata si adhabu. Ni njia tu ya kumfikisha mtuhumiwa mbele ya hakimu, na adhabu hufuata baadaye, kama itafuata. Lakini kwa yule anayekamatwa mambo hayako hivyo. Anafungwa pingu machoni pa watoto wake. Anavuliwa viatu na mkanda. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, analala mahabusu na watu asiowajua. Majirani wameona na mwajiri atasikia. Hata kesho yake akiachiliwa bila shtaka, hakuna hakimu awezaye kuyafuta hayo.

Kwa watu wengi aibu ya namna hiyo hupita. Kwa mtu ambaye siri yake ndiyo tuhuma yenyewe, kukamatwa ni kufichuliwa, na kufichuliwa hakuna rufani. Katika miji ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 polisi walikuwa na desturi ya kuvamia baa walimokutana watu wa mapenzi ya jinsia moja, na baadhi ya magazeti yakachapisha majina ya waliokamatwa. Wapo waliopoteza kazi na makao bila kupatikana na hatia yoyote. Usiku wa tarehe 28 Juni 1969 mjini New York, katika baa iitwayo Stonewall Inn, wateja walikataa kuchukuliwa kimya kimya, na tangu hapo harakati za kudai haki za raia kwa watu hao zikapata nguvu mpya. Ieleweke basi kwamba harakati hizo hazikuanza kwa kudai ndoa. Katika tukio lile ziliwaka kwa sababu ya mkono wa polisi.

2. Mama mmoja na mkanda wa gari

Katiba ya Marekani, katika Badiliko lake la Nne lililothibitishwa mwaka 1791, huwalinda watu dhidi ya kukamatwa na kupekuliwa pasipo sababu za msingi. Lakini ulinzi huo hutegemea tafsiri ya mahakama, na tafsiri hiyo ilipanuliwa hatua kwa hatua kwa manufaa ya polisi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliyekamatwa kihalali aweza kupekuliwa mwilini kikamilifu. Mwaka 1996 iliamua kwamba maadamu dereva amevunja sheria ya barabara, haijalishi askari alimsimamisha kwa nia gani moyoni mwake. Ikabaki hatua moja: je, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, askari aweza kumkamata mtu na kumpeleka mahabusu?

Swali hilo lilijibiwa katika shauri la Atwater dhidi ya Mji wa Lago Vista. Mwezi Machi 1997, katika mji huo mdogo wa Texas, mama aitwaye Gail Atwater alikuwa akiendesha gari na watoto wake wawili wadogo, wote watatu bila kufunga mikanda. Adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo ilikuwa faini ya dola 50. Sheria ya jimbo ilimruhusu askari ama kumwandikia hati ya kumwita mahakamani ama kumkamata, naye akachagua kumkamata. Mama alifungwa pingu, akapelekwa kituoni, akavuliwa viatu, mapambo na miwani, akapigwa picha, akawekwa mahabusu kwa muda wa saa moja hivi, kisha akatolewa kwa dhamana ya dola 310. Hatimaye alilipa faini ya dola 50. Kwa maneno mengine, mahakama haikuwa na uwezo wa kumfunga hata saa moja, lakini askari alikuwa nao.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Katiba haikuvunjwa. Jaji David Souter, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alikiri wazi kwamba mama yule alidhalilishwa bila sababu. Hata hivyo alisema kwamba askari aliye barabarani ahitaji kanuni iliyo rahisi kufuata, kwani hawezi kupima kila kosa na adhabu yake kabla ya kutenda. Hoja hiyo si ya kubezwa, na yeyote aliyewahi kuongea na askari wa doria ataielewa. Jaji Sandra Day O'Connor aliwaandikia walio wachache, akionya kwamba uwezo usio na mipaka hualika matumizi mabaya, na kwamba kosa dogo laweza kuwa kisingizio tu cha kumsumbua mtu kwa sababu nyingine kabisa.

Je, hili lawahusu nini watu wa mapenzi ya jinsia moja? Jibu ni rahisi kuliko linavyodhaniwa. Katika Texas ya wakati ule, tendo la mapenzi baina ya watu wawili wa jinsia moja lilikuwa kosa la jinai la daraja la chini kabisa, lile lisilo na adhabu ila faini. Makosa ya barabarani yako katika daraja hilo hilo. Wabunge walipoliweka jambo hilo huko katika marekebisho ya mwaka 1973, kwa hakika walisema kwamba hakuna mtu atakayefungwa kwa ajili yake. Lakini ikiwa askari aweza kumlaza mtu mahabusu kwa kosa la faini, basi kauli hiyo ya wabunge haimkingi mtu. Kilichozuiwa kwa hakimu kimeruhusiwa kwa askari.

3. Chumba cha kulala

Nguvu ya uwezo huo ilikuwa imekwisha kuonekana katika jimbo jingine. Mwaka 1982, katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kijana aitwaye Michael Hardwick aliandikiwa kosa la kunywa pombe hadharani. Hakufika mahakamani siku iliyotajwa, hati ya kumkamata ikatolewa, ingawa baadaye alilipa faini yake. Tarehe 3 Agosti askari alifika nyumbani kwake na hati ile ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha. Mgeni aliyekuwamo alimruhusu kuingia, akamkuta Hardwick chumbani na mwanamume mwingine, akawakamata wote wawili kwa kosa lililoweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 20. Mwendesha mashtaka hakuendelea na kesi. Hardwick mwenyewe ndiye aliyekwenda mahakamani kuipinga sheria, na tarehe 30 Juni 1986 alishindwa katika Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Lewis Powell, ambaye kura yake iliamua shauri hilo, alisema mwaka 1990, akiwa amestaafu, kwamba huenda alikosea.

Tazama safari ya jambo lenyewe. Ilianza kwa chupa ya pombe, ikapita katika hati ya kukamata, ikaishia kitandani. Hakuna aliyemtafuta Hardwick kwa ajili ya mapenzi. Uwezo wa kukamata kwa kosa dogo ndio uliofungua mlango wa chumba chake.

Njia kama hiyo ilifuatwa huko Houston, Texas, tarehe 17 Septemba 1998. Polisi walipata taarifa kwamba mtu mwenye silaha analeta vurugu katika nyumba fulani. Taarifa ilikuwa ya uongo, na aliyeitoa aliadhibiwa baadaye. Polisi waliingia, nao wakaeleza kwamba waliwakuta John Lawrence na Tyron Garner katika tendo la mapenzi. Kwa kosa hilo la faini walikamatwa, wakalala mahabusu, na mwishowe kila mmoja akatozwa dola 200 pamoja na gharama. Tarehe 26 Juni 2003 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya Texas kwa kura 6 dhidi ya 3, ikasema pia kwamba hukumu ya 1986 haikuwa sahihi hata siku ilipotolewa. Jaji Anthony Kennedy alieleza kwamba hata kama kosa ni dogo, hatia yake humfuata mtu: katika majimbo yasiyopungua manne, mtu aliyetiwa hatiani hivyo angelazimika kuorodheshwa miongoni mwa wahalifu wa makosa ya ngono. Alirejea pia shauri la Jeffrey Dudgeon wa Ireland ya Kaskazini, ambalo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1981. Hilo nalo lilianza mwaka 1976 kwa polisi walioingia nyumbani kutafuta dawa za kulevya, wakaondoka na barua na kumbukumbu za siri za mwenye nyumba.

4. Kosa limefutwa, njia imebaki

Msomaji aweza kudhani kwamba mwaka 2003 ulimaliza mambo. La hasha. Hukumu ile ilifuta kosa lakini haikugusa uwezo wa kukamata. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba haivunjwi hata pale sheria ya jimbo lenyewe ilipomtaka askari kutoa hati ya wito badala ya kukamata. Mwaka 2012, katika shauri la Florence, iliruhusu mtu yeyote anayeingizwa jela pamoja na wafungwa wengine avuliwe nguo zote na kukaguliwa, hata akiwa ameshikwa kwa jambo dogo. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Kennedy yule yule. Nyumba ililindwa, mwili haukulindwa.

Matokeo yalionekana Baton Rouge, jimbo la Louisiana. Mwaka 2013 ilifahamika kwamba tangu mwaka 2011 maofisa wa huko walikuwa wamewakamata wanaume wasiopungua 12 kwa kutumia kifungu kilichokwisha kupoteza nguvu miaka mingi nyuma. Ofisa aliyevaa kiraia alizungumza na mtu bustanini, wakakubaliana kwenda nyumbani faraghani, pasipo malipo yoyote, na hapo mtu akatiwa pingu. Mwendesha mashtaka wa wilaya alikataa kuwashtaki, kwa kuwa hapakuwa na kosa. Lakini walikuwa wamekwisha kukamatwa. Kule Texas nako, miaka 20 baada ya hukumu ya 2003, bunge la jimbo lilikuwa bado halijakiondoa kifungu chake vitabuni.

Kwa hiyo fundisho la mashauri haya ni kwamba haki ya raia haipimwi kwa orodha ya makosa peke yake. Hupimwa pia kwa kuuliza nani aweza kumshika nani, kwa sababu gani, na ni nani atakayemzuia. Pale kizuizi kinapolegea, wa kwanza kuumia ni wale ambao jamii haitawasikitikia.

5. Neno la Mungu na mafundisho ya Kilutheri

Wakristo hukimbilia upesi Rum. 13:1-7, na ni haki, maana mtume anafundisha kwamba mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Lakini mtumishi ana mipaka ya utumishi wake. Torati yenyewe inaonyesha jambo hilo kwa namna ya ajabu katika Kum. 24:10-11. Mtu anayemdai mwenzake, na ambaye deni lake ni halali kabisa, hakatazwi kuchukua rehani, ila anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa. Sharti asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Mdai ana haki, na mdaiwa ana wajibu, na bado kizingiti cha nyumba kinaheshimiwa. Hali kadhalika Kum. 19:15 haikubali neno la shahidi mmoja, na Nikodemo katika Yn. 7:51 anawakumbusha wakuu kwamba mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Tena Paulo, ambaye ndiye mwandishi wa Rum. 13, hakuona vibaya kudai haki zake za uraia alipofungwa na kupigwa bila hukumu (Mdo. 16:37; 22:25).

Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia na mipaka ya utii, alifundisha kwamba sheria za watawala huhusu mwili, mali na mambo ya nje, wala haziwezi kuitawala roho. Wakati huo baadhi ya watawala walikuwa wakiwaamuru watu wasalimishe tafsiri yake ya Agano Jipya. Shauri la Luther lilikuwa kwamba mtu asijitokeze kukabidhi hata ukurasa mmoja. Lakini kama watawala wataagiza nyumba zipekuliwe na vitabu vichukuliwe kwa nguvu, basi Mkristo avumilie, asipigane. Hakuandika juu ya suala letu, wala tusimlazimishe kulisema. Walakini twajifunza kwake kwamba Mkristo aweza kumtii mtawala bila kuwa msaidizi wa upekuzi usio wa haki.

Kanisa la Kilutheri lina sababu ya pekee ya kulikumbuka hili. Katika Ujerumani, nchi ya Luther, amri ya tarehe 28 Februari 1933 ilisimamisha uhuru wa mtu, heshima ya nyumba na siri ya barua. Mwaka 1935 kifungu cha 175 juu ya mapenzi baina ya wanaume kikapanuliwa. Chini ya utawala ule walikamatwa wanaume wapatao 100,000, na karibu nusu yao walitiwa hatiani. Basi maelfu kwa maelfu walikamatwa bila hatia kuthibitishwa, na wengine waliishia katika kambi za mateso. Kifungu kile cha 1935 kiliendelea kutumika Ujerumani Magharibi hadi mwaka 1969, wakati makanisa yakiwa wazi kila Jumapili.

Mtu atauliza: je, kusema hivi si kuihalalisha dhambi? Tunajibu kwa mfano wa karibu. Uzinzi umekatazwa katika Amri Kumi, na hakuna mchungaji anayeuhalalisha. Hata hivyo, katika Tanzania Bara Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaufanya ugoni kuwa msingi wa kudai fidia, nayo haimtumi askari kuvunja mlango. Kanisa halijawahi kuona kwamba Amri ya Sita imedhoofika kwa sababu hiyo. Dhambi hukemewa kwa Neno, na jinai huzuiwa kwa upanga. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 28, linatuonya tusizichanganye mamlaka hizo mbili.

6. Wajibu wa mchungaji

Katika Kenya, Tanzania na Uganda tendo lenyewe ni jinai chini ya vifungu vilivyotokana na utawala wa Kiingereza. Hivyo mchungaji wa kwetu hakutani na suala hili vitabuni tu. Tunataja mambo matatu.

Kwanza ni siri ya maungamo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 ilimtaka mtu anayejua au anayeshuku tendo hilo alitolee taarifa polisi. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, tarehe 3 Aprili 2024, ilikibatilisha kifungu hicho ingawa iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame. Lakini mchungaji asingoje mahakama ndipo ajue la kufanya. Aliyosikia katika maungamo ameyasikia kwa niaba ya Kristo, nayo hayatoki.

Pili ni tetesi. Namna mtu anavyovaa, anavyoongea, au na nani anaishi, si ushahidi wa kitu chochote. Katika Katekisimo Ndogo Luther anaifafanua Amri ya Nane kuwa yatuagiza pia kumtetea jirani. Mzee wa kanisa anayekwenda kituoni na habari za kusikia ameivunja amri hiyo, hata akidhani anailinda ya sita.

Tatu ni kumtembelea aliyeshikwa. Mwezi Februari 2015, huko Ukunda katika pwani ya Kenya, wanaume wawili walikamatwa na kulazimishwa kupimwa miili yao kwa njia ya kudhalilisha ili ushahidi upatikane. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ilisema kwamba jambo hilo lilivunja haki zao. Ilichukua miaka mitatu. Katika miaka kama hiyo mtu huhitaji anayemletea chakula, anayewatuliza wazazi wake, na anayeuliza kwa upole kama amefikishwa mbele ya hakimu. Bwana wetu katika Mt. 25:36 hakutaja kosa la yule aliyekuwa kifungoni.

Hitimisho

Tumeona jinsi mkanda wa gari, chupa ya pombe na taarifa ya uongo zilivyoweza kumfikisha askari hadi kitandani mwa mtu, na jinsi kukamatwa kulivyokuwa adhabu hata pale ambapo hapakuwa na kosa. Mwanafunzi wa theolojia anaweza kuendelea kushika mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa na wakati huo huo kusema kwamba mdai asimame nje ya mlango. Huenda siku moja mama wa usharika wake atamjia usiku, akisema kwamba mwanawe amechukuliwa na haelewi ni kwa nini. Kazi ya mchungaji saa ile ni kuvaa viatu na kwenda naye kituoni.